Mpishi Aliyewapikia Waingereza Baharini

Mpishi aliweka kitambaa kibichi chini ya kila sahani kabla ya kupakua, ingawa sakafu ya jikoni kwetu haikuwahi kusogea. Jiko hilo liko Granville, hapa Sydney, ndani ya nyumba ya kutunzia wazee, na kitu pekee kinachotikisika pale ni vioo vya dirisha treni ya mizigo inapopita. Lakini yeye alikuwa amepika miaka kumi na tisa kwenye meli kubwa za watalii wa Kiingereza, na melini sahani isiyo na kitambaa kibichi huteleza. Hata kusimama alisimama kibaharia, miguu imeachana, goti moja limelegea, kama mtu anayengoja wimbi. Nilifanya kazi naye miaka minne na sikumwona akisimama vingine.

Sote tulimwita Mpishi. Mimi peke yangu nilimwita Papa, kwa sababu sisi Wakongo ndivyo tunavyomwita mtu wa umri wa baba. Siku ya kwanza nilipomwita hivyo aliacha kumenya viazi akanitazama.

"Papa? Kwetu Mombasa papa ni samaki, tena ana meno. Mimi meno yenyewe yamebaki haya."

"Nisamehe, Papa."

"Haya basi. Na iwe papa."

Chakula alichokijua kilikuwa kimoja tu, chakula cha Waingereza walio safarini. Asubuhi mayai, maharagwe ya nyanya, nyama ya nguruwe ya kukaanga, soseji nyeusi ya damu, na samaki waliokaushwa kwa moshi. Saa tano, kukiwa na baridi, vikombe vya supu nyepesi ya ng'ombe vilipitishwa kwa abiria waliojilaza kwenye viti vya nje wamejifunika mablanketi. Saa kumi chai na skonzi, na vipande vidogo vya mkate wenye matango, kingo zimekatwa. Ijumaa samaki na chipsi. Jumapili nyama ya kuoka, viazi vya kuoka, mchuzi mzito wa kahawia, na ile mikate wanayoiita pudini za Yokshaya, ambayo huumuka ndani ya mafuta ya moto mpaka inakuwa kama kofia. Baada ya hapo kitu kitamu, na juu ya kila kitu kitamu, kastadi, ule mchuzi mtamu wa maziwa na mayai. Krismasi moja, aliniambia, walikuwa karibu na Ikweta, jikoni joto la kuangusha mtu, nao wanaoka pai za zabibu kavu ambazo Waingereza huzila theluji ikianguka.

"Kwa nini hawakuomba kitu cha baridi, Papa?"

"Mwingereza hataki chakula kitamu, mwanangu. Anataka chakula anachokijua. Mpeleke Singapuri, mpeleke Mombasa, mwoneshe tembo. Saa kumi ikigonga atauliza skonzi iko wapi."

Hakusema hivyo kwa dharau. Vijana wa jikoni walipocheka kwamba chakula cha Waingereza hakina pilipili, yeye ndiye aliyekitetea. Aliwaambia kupika kitu chenye pilipili ni rahisi, kwa sababu pilipili huficha makosa, lakini kiazi cha kuchemsha hakina pa kujificha.

Kazini kwetu alipendwa kwa sababu hiyo. Wazee wengi wa nyumba ile walizaliwa Uingereza, wakaja Australia kwa meli wakiwa vijana. Wengine wamesahau majina ya watoto wao. Harufu ya mchuzi wake hawakuisahau. Alikuwepo bibi mmoja wa chumba namba kumi na moja, mwembamba sana, ambaye hakusema neno tena. Akisikia magurudumu ya troli alifungua mdomo na kungoja. Alikula kastadi na vitu vichache laini, akilishwa kwa kijiko. Mpishi alimpimia kastadi yake peke yake, katika jagi dogo la bati, na hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo watu hawakuliamini kuhusu Mpishi. Hakuwahi kuonja chakula alichopika. Alikuwa Mwislamu wa kusali sala zote tano, na melini nyama haikuchinjwa kama dini yake inavyotaka, nguruwe alikuwa kila mahali, na keki nyingi zilitiwa pombe. Kwa hiyo tangu mwanzo alijifunza kupika kwa vidole. Aliibonyeza nyama kwa kidole cha shahada, kisha akalibonyeza shavu lake. Ikilingana na shavu, bado mbichi ndani. Ikilingana na kidevu, inafaa. Ikilingana na paji la uso, imekufa mara ya pili, alisema. Unga wa skonzi aliujua kwa kuusugua kati ya vidole viwili. Kastadi aliijua kwa ukucha wa kidole kidogo, kwanza uzito, halafu joto. Chumvi tu ndiyo iliyomshinda, na kwa hiyo melini alikuwa na rafiki, Mgoa mmoja, aliyemwonjea.

Huku Sydney alinipa mimi kazi ya yule Mgoa. Aliniita na kijiko.

"Chumvi?"

"Iko sawa, Papa."

"Leo iko sawa, jana iko sawa, juzi iko sawa. Ulimi wako hauna ugomvi na mtu."

Ilikuwa kweli. Kama chumvi imezidi nilisema iko sawa, halafu nilitafuta viazi viwili nikavitumbukiza vinyonye chumvi yeye akiwa ameenda stoo. Kumwambia mtu mzima kwamba amekosea kulinishinda. Yeye alijua. Aliporudi alivitazama vile viazi vikielea, akavitoa, hakuniuliza kitu.

Nilimwuliza siku moja kama hatamani kujua ladha ya nyama yake iliyosifiwa. Alikuwa amekaa juu ya kreti la maziwa nje ya mlango wa nyuma, anakula wali na maharagwe aliyoyabeba kutoka nyumbani kwenye kopo la plastiki. Hicho ndicho alichokula kila siku.

"Anayempamba bibi harusi haolewi yeye," alisema, akaendelea kula.

Kuhusu mkewe hakuzungumza sana. Niliambiwa kisa kimoja tu, tena tukiwa tunasafisha tanuri. Meli yao iliwahi kutia nanga Mombasa, Jumapili, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Jikoni kulikuwa chini ya usawa wa maji, hakuna dirisha. Alijua wamefika Mombasa kwa sababu injini zilinyamaza. Mkewe alikuwa amesimama kwenye geti la bandari tangu saa mbili. Mpishi mkuu wa meli alimpa Mpishi wetu ruhusa ya saa moja ashuke.

"Ukashuka?"

"Pudini za Yokshaya zilikuwa tanurini. Ukiwaachia wengine, mtu anafungua mlango kabla ya wakati, zote zinalala."

"Kwa hiyo hukushuka."

"Sikushuka."

"Ukamwambia nini mama?"

"Kwamba kulikuwa na kazi."

"Na yeye akasema nini?"

Alisugua rafu ya tanuri muda mrefu. "Alisema ameiona meli. Akasema ni kubwa."

Alipoacha meli na kuajiriwa hapa, mkewe alibaki kule, na karatasi za kumleta zilianza kuzunguka. Mwanasheria alimwonya kwamba mpaka barua ya viza itoke asibadilishe kazi, asiache kazi, asifukuzwe kazi. Sentensi hiyo aliirudia kama mtoto anayerudia namba za simu, asibadilishe, asiache, asifukuzwe. Ilikuwa miaka mitatu sasa, na barua haijatoka.

Mara moja tu nilimwona amepikia watu wetu. Kanisa letu liko St Marys, na mama yangu alimwomba apike kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Alikubali, ingawa si kanisa lake. Alikuja na kofia yake nyeupe na akachagua kondoo wa kuoka, viazi, pudini za Yokshaya, na sosi ya nanaa, ile Waingereza wanayoila na kondoo, majani ya nanaa yaliyokatwakatwa ndani ya siki na sukari. Melini sosi hiyo hukaa kwenye kibakuli kidogo kama kikombe cha kahawa. Ukumbini hapakuwa na vibakuli vidogo. Palikuwa na mabakuli makubwa ya plastiki, naye aliyajaza, kwa sababu hakupenda bakuli nusu.

Mamaa wa Kikongo waliona bakuli kubwa la majani ya kijani yaliyotwangwa. Kwa macho yetu hiyo ni sombe, majani ya muhogo, na sherehe bila sombe si sherehe. Kila mtu alijipakulia upawa mzima juu ya sahani.

Midomo ilikunjamana. Halafu mama mmoja akasimama.

"Mungu wangu! Ni nani alitia sukari mu sombe?"

"Na siki!" mwingine akasema. "Sombe imechacha, mamaa, musile!"

Mdogo wangu, ambaye husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alisema kwa sauti kwamba ina ladha ya dawa ya meno. Mchungaji wetu, Mrundi mpole, yeye hakuwa ameifikia sosi. Alikuwa amekwisha kuzichukua pudini za Yokshaya, akadhani ni mandazi ya aina mpya, anazichovya kwenye chai. Wanaume wa meza yake walimfuata. Mpaka kondoo anakatwa, hakuna pudini iliyobaki, na walikuwa wanauliza kama zipo nyingine.

Mpishi alisimama nyuma ya meza, miguu imeachana. Nilidhani amekasirika. Nilipomsogelea alisema polepole, "Miaka kumi na tisa, hakuna Mwingereza aliyeniomba kuongeza pudini." Kisha alirudi jikoni akachanganya unga tena.

Mwaka jana, mwezi wa sita, baridi ya hapa ilipoanza, nilimwona akitoa sinia kwenye tanuri kwa mkono mtupu. Alilibeba hatua nne mpaka mezani. Hakuharakisha. Alipoliweka chini, ngozi ya vidole viwili ilibaki kwenye bati. Aliutazama mkono wake kama anautazama mkono wa mtu mwingine.

"Papa, umeungua."

"Naona."

"Huumwi?"

"Ni sukari, mwanangu. Ugonjwa wa sukari. Imeanza na miguu, imekuja huku." Akavifunga vidole kwa plasta ya buluu ya jikoni. "Ni jambo la wiki chache. Barua iko njiani, mwanasheria amesema."

Hakuniambia nisiseme. Mtu kama mimi haambiwi asiseme.

Kuanzia hapo nilianza kuona. Alilibonyeza shavu, akaibonyeza nyama, akarudia shavu, na kidole hakikumwambia kitu. Skonzi zikatoka ngumu. Alianza kuniita na kijiko zaidi ya zamani, si kwa chumvi tu. "Laini?" aliuliza. "Nzito?" "Moto?" Nami nilijibu. Tulikuwa watu wawili wanaofanya kazi ya mpishi mmoja. Kuhusu nyama nilijitahidi kusema kweli. Nilijua mimi ndiye vidole vyake.

Jikoni kwetu kuna kipimajoto na fomu. Kila chakula kikitoka hupimwa, joto likaandikwa. Lakini fomu ile inaogopa chakula kilichopoa, kwa sababu ya vijidudu. Inauliza kama chakula ni moto vya kutosha. Haiulizi kama ni moto mno. Hilo la pili lilikuwa kazi ya ukucha wa Mpishi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwezi wa saba. Bosi wetu, mama wa Kifiji, alikuwa jikoni pamoja na mkaguzi aliyekuja na kompyuta ndogo. Mkaguzi alikuwa akimtazama Mpishi, kwa sababu alikuwa amezisoma fomu na kuona zimepangwa vizuri. Mpishi alimimina kastadi kwenye lile jagi dogo la bati. Alitumbukiza ukucha. Alingoja. Kisha akachota kijiko akaninyooshea mimi, mbele ya wote, na hakuuliza kitu.

Niliweka mdomoni. Iliniunguza ulimi, na kaakaa, mpaka koo. Ningetema, lakini bosi alikuwa amesimama pale, na mkaguzi, na niliona barua ya mkewe kama nimeishika. Nikameza.

"Iko sawa, Papa."

Troli likaenda. Nilisikia magurudumu kwenye korido. Ningeweza kulikimbilia, chumba namba kumi na moja ni cha nne kutoka jikoni. Nilifungua bomba la maji baridi nikaanza kuosha vijiko.

Bibi yule hakupiga kelele, maana alikuwa hana sauti tena. Dada mhudumu aliyekuwa akimlisha, msichana wa Kinepali, alimpa vijiko vitatu kabla ya kuona macho yake. Midomo yake na ndani ya mdomo viliota malengelenge. Daktari alikuja. Walipaka dawa. Fomu yetu ilikuwa safi, joto limeandikwa, kwa hiyo lawama ilimwangukia dada yule. Aliandikiwa onyo kwa kutokungoja chakula kipoe. Alilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilikuwa upande wa pili wa makabati. Nilifunga kamba za viatu, nikatoka.

Bosi alituuliza sote, mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliuliza kama nilijua lolote. Nilisema sijui. Mpishi alisema kastadi ilitoka kama kawaida.

Wiki tatu zilipita. Mpishi alipika kama zamani, isipokuwa hakuniita tena na kijiko. Alikipoza kila kitu muda mrefu kwenye maji baridi. Bibi wa chumba namba kumi na moja akisikia troli alifunga mdomo. Malengelenge yalipona, lakini mdomo haukufunguka.

Halafu barua ikatoka. Alinionesha kwenye simu, karibu na friji, akaniomba nimsomee herufi ndogo. Niliisoma. Ilikuwa kweli. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuvaa aproni, alikwenda ofisini kwa bosi akasema vidole vyake havisikii joto, na kwamba kastadi ile ilikuwa yake, na onyo la yule dada lifutwe. Lilifutwa. Yeye akaondoka siku hiyo hiyo na visu vyake vimefungwa kwenye taulo. Jina langu hakulitaja.

Bibi yule alifariki mwezi wa tisa. Alikuwa mzee sana. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya kastadi, na labda si kweli. Siku ile tulipika kama kawaida, na troli likapita mlango wake bila kusimama.

Baada ya hapo nilikaa miezi mitano nikijiambia nitamtembelea Mpishi. Mwezi wa pili mwaka huu nilipanda treni mpaka Macquarie Fields, ambako walikuwa wamehamia. Ilikuwa mchana, joto kali. Nilitembea kwa miguu kutoka stesheni, na nyumba nikaipita mara mbili kabla ya kubisha.

Alifungua mwanamke mnene, mwenye leso kichwani, anayetabasamu kabla hajajua mimi ni nani. Mpishi alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya soksi nene. Alikuwa amepungua. Alifurahi kuniona, au uso wake ulifanya hivyo. Mkewe alikwenda jikoni kutengeneza chai. Nilimsikia akifungua makabati, akiimba kidogo.

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye treni. Niliyasema yote bila kupumzika.

"Papa, siku ile kastadi iliniunguza. Nilijua. Nilisema iko sawa."

Hakushtuka. Alivitazama vidole vyake vilivyolala mapajani.

"Nilikuona machozi," alisema.

Sikuelewa, au nilielewa nikataka asiseme zaidi.

"Ulipomeza. Yalikujaa machoni. Nikasema moyoni, mtoto amesema iko sawa, na mimi nimesikia iko sawa. Nilisukuma troli kwa mkono wangu huu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tulijua."

Nje mtu alikuwa akikata nyasi kwa mashine. Tulimsikiliza mpaka akamaliza upande mmoja na kugeuza. Sikulia, wala yeye. Nilidhani nikishasema nitajisikia vingine, lakini nilijisikia vile vile nilivyojisikia kwenye treni, na kabla ya treni.

Mkewe akaingia na sinia. Aliliweka mezani, akakaa karibu nami, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa na unyevu wa maji ya kuoshea vikombe.

"Kumbe ndiwe," alisema. "Huyu amenambia habari zako tangu nifike. Kwamba kazini palikuwa na mtoto wa Kikongo aliyejua maradhi yake yote, na hakumwambia mtu mpaka barua yangu ikatoka. Nami ndiyo niko hapa. Ningekuwa bado kule naangalia simu." Alinibana mkono. "Umemsitiri mume wangu, mwanangu. Mungu naye akusitiri."

Mpishi alikuwa akitazama dirishani. Mkewe alikuwa ananingoja.

Nikasema amina.